Wagonjwa wa Mume Wangu

Mume wangu alipofeli mtihani kwa mara ya pili, nilikuwa nimekaa mbele ya cherehani, mguu mmoja kwenye pedali, mwingine kwenye beseni la maji baridi. Aliingia bila kubisha hodi, akaketi juu ya rundo la sketi za shule nilizokwisha kuzipiga pasi, akasema, "Bibi, wamenirudisha tena."

Nikamwambia ainuke kwanza juu ya sketi za watu, kisha ndiyo tulie pamoja.

Msinishangae. Mume wangu huyu ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, na tangu anatambaa nimemwita mume kama bibi yeyote anayezijua haki zake. Marehemu babu yake alikuwa mtu wa haraka. Alioa haraka, alikula haraka, hata kufa alikufa haraka, kati ya chai na kazi. Huyu wa pili nimepewa wa taratibu. Akianza kufunga kamba za viatu unaweza kuinjika maji na yakachemka. Akikusalimia, atataka kujua umeamkaje, jana ulilalaje, na lile jino la juzi linasemaje. Huko chuoni kwao, chuo cha uuguzi, wenzake walimbandika jina la Foleni, kwa sababu popote alipo yeye, nyuma yake kuna watu wamejipanga wanasubiri.

Wagonjwa wenyewe hawakulalamika. Katika wodi aliyofanyia mafunzo, walisema bora kusubiri Foleni kuliko kuchomwa sindano na mtu ambaye macho yake yameshafika kitanda cha pili. Matroni wa wodi ile, mwanamke ambaye akinong'ona anasikika hadi jikoni, alimwambia binti yangu kwamba nafasi ya kazi ipo na wamemwekea mwanawe. Masomo yote darasani alifaulu. Kufunga vidonda alifaulu, kupima dawa alifaulu. Kilichobaki kilikuwa mtihani mmoja tu, wa kutokea chuoni. Wanafunzi wa vyuo vyote wanaufanya siku moja, maswali yale yale, kwenye kompyuta. Wao wanauita Geti. Usipolipita hutoki, hata kama umesoma mpaka nywele zimekukimbia kichwani. Unaruhusiwa kujaribu mara tatu. Ukianguka ya tatu, jina lako linafutwa, na miaka yako yote ya chuo inabaki kuwa hadithi ya kuwasimulia majirani.

"Umekosa maswali gani?" nilimuuliza.

"Sikukosa, Bibi. Sikumaliza."

Mara ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo. Alijibu taratibu, akajibu vizuri, na muda ulipokwisha kompyuta ikajifunga yenyewe huku maswali kibao hajayagusa. Na swali ambalo hukulifikia linahesabiwa umelikosa.

Mimi nimeshona sare za shule maisha yangu yote, kwa hiyo ninaifahamu nguo ya kipimo kimoja kwa watu wote. Nikasema mtihani huo umekatwa na fundi mbovu.

"Mama, usimpe kisingizio," alisema binti yangu, aliyekuwa amepanda kutoka chini, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele zake. Yeye ana saluni chini ya jengo letu, sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Ngazi za jengo hili nadhani mwenye nyumba alikuwa anaziongeza kila mwezi, maana siku hizo nilikuwa nikifika juu sina pumzi hata ya kumsengenya mtu.

Nyuma ya mlango wangu ilining'inia sare ya uuguzi, nyeupe, niliyomshonea kabla hajaenda kujaribu Geti mara ya kwanza. Niliishona yote isipokuwa vifungo. Vifungo nilisema nitaweka siku akipita. Sasa kola ilikuwa imeanza kushika vumbi, na kila nilipoitazama moyo uliniuma. Kijana huyu hakuwahi kutaka kuwa kitu kingine. Akiwa mdogo aliwafunga bendeji wanasesere wa watoto wa majirani, tena akawauliza wamelalaje.

Siku iliyofuata akaja msichana wanayemwita Umeme. Walisoma darasa moja, lakini yeye alipita Geti mara ya kwanza na alikwisha kuanza kazi katika wodi ile ile. Umeme anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Nilimpenda tangu alipovua viatu mlangoni bila kuvigusa kwa mkono, kwa hiyo nikamkaribisha inavyostahili.

"Karibu, mke mwenzangu. Umekuja kunisaidia au kuninyang'anya?"

"Kukusaidia, Bibi," alisema. "Mume wako mzito, huwezi kumbeba peke yako."

Wakaketi kitandani kwangu. Umeme akafungua maswali ya mazoezi kwenye simu, akaweka saa mbele yao, akasoma kama anayefukuzwa. "Mama wa miaka thelathini na nne amejifungua saa moja iliyopita. Damu inatoka nyingi, shuka limelowa, kizazi ukikigusa ni laini. Utaanza na nini? A, kumbadilishia shuka. B, kumsugua tumbo mpaka kizazi kikaze. C, kumpa maji ya kunywa. D, kwenda kumtafuta daktari."

"B," alisema mume wangu, na wala hakuchelewa.

"Safi. Linalofuata."

"Mtoto yuko na nani?"

"Mtoto gani?"

"Si amejifungua saa moja iliyopita? Mama anasuguliwa tumbo, mtoto kashikwa na nani?"

"Swali halina mtoto!"

"Haiwezekani lisiwe na mtoto," alisema mume wangu kwa upole. "Amejifungua."

Nilicheka mpaka nikaanza kukohoa na kushika meza. Umeme hakucheka. Alisimama. "Foleni, nisikilize. Huyo mama hayupo. Hakuna mama, hakuna mtoto, hakuna shuka. Kuna saa tu, na saa inakimbia."

"Najua hayupo. Lakini nikibonyeza 'endelea' nimemwacha pale na damu inatoka, na kompyuta hainiruhusu kurudi kumtazama."

Kumbe ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Sisi wote tulidhani anasoma polepole, au anaandika polepole, au anaogopa kompyuta. Kumbe mwenzetu kila swali anavuta kiti na kukaa na mgonjwa.

"Na yule wa swali la mwisho?" Umeme alimuuliza. "Yule ambaye hukumfikia kabisa, mara zote mbili? Nani kamtazama? Umemwacha kwenye benchi mpaka geti likafungwa."

Mume wangu aliinamisha kichwa, na nikaona kwamba neno limemwingia. Msichana alisema kweli, nami nilitamani asiwe ameisema mbele yangu, kwa sababu nilikuwa bado nataka kumlaumu fundi aliyekata mtihani.

Lakini kujua ugonjwa siyo kupona. Siku zikaenda, jaribio la tatu likakaribia, na mume wangu aliendelea kuketi kando ya cherehani yangu kila jioni na ile simu, akijibu sawasawa na kubaki pale pale. Jioni moja alikuwa amekwama kwa mzee aliyeanguka bafuni. Jibu alikwisha kulitoa. Sasa alikuwa anapumua kwa huzuni, na mimi nina mkanda wa sketi unaotakiwa kesho asubuhi, na pumzi zake zinanipoteza mstari.

Nikamwambia kwa utani, pini ziko mdomoni, "Nipe mimi huyo mzee. Nitakaa naye hapa. Wewe nenda kwa mwingine."

Akanitazama. "Nikukabidhi?"

"Nikabidhi."

Hapa nieleze kidogo. Hospitalini nesi hachukui mkoba wake tu akaenda nyumbani. Anayetoka zamu na anayeingia wanapita pamoja kitanda kwa kitanda. Anayetoka anasema huyu ni nani, anaumwa nini, amefanyiwa nini, amebakiza nini. Anayeingia anasikiliza, kisha anasema, "Nimempokea." Mpaka neno hilo lisemwe, mgonjwa ni wako, hata kama miguu inawaka moto na nyumbani wanakungoja mlangoni. Wenzake wengine walilisema neno hilo huku wanavaa koti. Mume wangu alilishika kama amri ya Mungu. Na ile kompyuta haina zamu, wala haina mtu wa kumpokea mgonjwa wako.

Basi akakaa wima, akakohoa kidogo, akasema, "Mgonjwa ni mzee wa miaka sabini. Ameanguka bafuni, nyonga inamuuma, mguu mmoja umekuwa mfupi. Nimemzuia asisimame. Amebakiza kupigwa picha."

"Nimempokea," nikasema, nikatema pini moja.

Akabonyeza. Vivi hivi, kama mtu aliyetua ndoo.

Nilidhani ni mchezo wa jioni moja. Haukuwa mchezo. Wiki ile yote nilipokea wagonjwa mpaka chumba kikajaa. Nilikuwa na wenye kisukari pembeni mwa kabati, aliyevunjika taya kwenye kochi, mtoto aliyemeza sarafu juu ya rundo la sketi. Nikalalamika kwamba mume wangu ananiletea watu bila kuniletea hata kilo ya sukari. Mwanzoni aliwakabidhi kwa maneno marefu, na habari za shangazi zao. Kisha maneno yakapungua. Mwishowe alikuwa anainua kidole kimoja tu bila kuacha kusoma, nami natikisa kichwa, cherehani inaendelea. Umeme akaja na saa yake. Mume wangu akamaliza maswali yote na muda ukabaki, na msichana akairusha simu kitandani kwa furaha.

"Bibi, umemtibu Foleni!"

"Nimemtibu, sasa utataka kumchukua," nikamwambia. Akaona haya, akatafuta viatu vyake.

Katikati ya wiki hiyo hiyo mume wangu aliinama kuokota bobini iliyobingirika, akakaa chini kwa muda mrefu kuliko inavyostahili bobini.

"Bibi, mbona viatu vyako umevikata nyuma?"

"Vimesinyaa."

"Viatu havisinyai."

"Vya siku hizi vinasinyaa. Kila kitu cha siku hizi ni feki."

"Na mito? Mama anasema umeongeza wa tatu."

"Mtu wa umri wangu hastahili mito mitatu?"

Akanyoosha mkono kuelekea mguu wangu. Nikauvuta haraka chini ya sketi. "Mimi siyo swali la mtihani," nikamwambia. "Jibu yale maswali yako."

Akarudi kwenye simu yake.

Nitasema wazi, kwa kuwa hakuna tena wa kumficha. Nilijua kuna kitu. Nikilala bila mito nilihisi kama mtu mzima amenikalia kifuani. Lakini nilimjua pia mume wangu. Angejua tu ninaumwa, asingebonyeza "endelea" hata mara moja. Angevuta kiti akaketi nami, na Geti likafungwa akiwa amenishika mkono. Kwa hiyo nikaamua ugonjwa wangu nao upange foleni kama wengine. Niliogopa, sikatai. Niliuogopa ule mtihani kuliko kifua changu.

Siku yenyewe ikafika. Asubuhi alisimama mlangoni, amevaa shati nililolipiga pasi mara mbili.

"Uko tayari?" nikamuuliza.

"Wewe je, uko tayari?" alisema. "Watakuwa wengi leo."

"Waje. Nyumba ni yao."

Wakaondoka na Umeme, aliyeomba ruhusa kazini ili amsindikize, nadhani alihofia asije akasimama njiani kumsalimia kila mtu. Mimi nikakaa kwenye cherehani. Sikujua yuko swali gani, lakini ahadi ni deni, kwa hiyo kila baada ya muda nilisema kwa sauti, "Nimempokea." Mama mmoja aliyekuja kuchukua sare ya mwanawe alinikuta namwambia cherehani hivyo. Hakukagua hata mishono. Alichukua mfuko wake akatoka kinyumenyume.

Alasiri nikasikia miguu inapanda ngazi mbio. Nikajua ni mtu mwingine, kwa sababu mume wangu hakimbii. Mwenda pole hajikwai ndiyo methali pekee aliyoishika utotoni. Mlango ukafunguka, naye ndiye. Nyuma yake Umeme, anahema, amebeba mfuko wa mashine ya kupimia presha.

Hakunisalimia. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Umemaliza?" nikauliza.

"Nimemaliza. Muda ulibaki. Wote nimekukabidhi, isipokuwa mmoja."

Akapiga magoti mbele ya cherehani, akautoa mguu wangu chini ya sketi bila kuniomba, akaubonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo. Alipoondoa kidole, shimo likabaki, kama ukibonyeza unga uliokandwa. Akaliangalia lile shimo.

"Swali la mwisho," alisema bila kuinua uso. "Bibi wa miaka sabini na kitu. Miguu imevimba. Akipanda ngazi anaishiwa pumzi. Analala na mito mitatu. Mwenyewe anasema hana tatizo."

"Mabibi wako wengi wa namna hiyo," nikasema.

"Wanauliza utaanza na nini. Nikajibu. Halafu nikainua kidole nikukabidhi, Bibi, nikakosa wa kumkabidhi. Nilikuuliza mwenyewe. Ukaniambia viatu vimesinyaa, na mimi nikabonyeza 'endelea.'"

Nilifungua mdomo nimtupie utani. Nikaishia kulitazama lile shimo.

Umeme akanifunga mkanda wa presha mkononi, akasoma, akamtazama mwenzake. Hawakusema namba, na sikuwauliza.

"Vaa viatu, Bibi," alisema mume wangu.

"Havinitoshi," nikasema, na hapo ndipo nilipokiri kwa mara ya kwanza.

"Basi bila viatu."

Sijawahi kumwona vile. Hakuvuta kiti, hakuniuliza nililalaje. Akampigia Matroni simu, akasema habari yangu yote kwa pumzi moja. Akachukua dawa zangu za zamani kwenye droo, akanivika shali, akanikalisha kwenye kiti cha jikoni, wakanishika yeye huku na Umeme kule, wakaanza kunishusha ngazi kama kabati. Umeme ndiye aliyekuwa anapiga kelele, "Taratibu, Foleni! Taratibu!" Binti yangu alitokeza mlangoni mwa saluni na nywele za mtu mkononi, akamwacha mteja na nusu kichwa, akatufuata.

Wodini walinipa kitanda cha dirishani. Matroni akaja kunitazama, akaweka mikono kiunoni.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Bibi."

"Hakijaniumbua," nikamjibu.

"Kilikuwa kimeshafika ghorofa ya pili."

Wakanieleza kwamba moyo umechoka kusukuma damu, maji yanajaa miguuni na kifuani. Wakanipa dawa ya kuyatoa, nami nikaenda chooni kama ndiyo kazi niliyoajiriwa. Nilipopata pumzi za kubishana, nilimwambia Matroni kwamba mtihani wao ule una kasoro, unawapima watu wote kwa futi moja, na ulitaka kunipotezea mume kwa sababu tu ana moyo.

Alikuwa anakunja shuka, hakuacha. "Kasoro mtihani unazo. Lakini wewe, Bibi, umefikishwa hapa na swali la ngapi?"

"La mwisho."

"Safari hii tu ndiyo amelifikia. Kwa hiyo lisemee vizuri."

Nikageukia dirishani. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya la kwangu wiki nzima, nahesabu makosa ya mtihani.

Kila zamu ilipobadilishwa, walipita. Nilikuwa nimelala, wananisema kana kwamba nimesafiri. "Mgonjwa ni bibi, fundi cherehani. Moyo umechoka, maji yanapungua. Dawa anakunywa akibembelezwa. Anabishana." Na mwingine anajibu, "Nimempokea." Neno lile nililitamka wiki nzima na pini mdomoni, nikidhani namdanganya mtoto. Sasa nilikuwa nalisikia kutoka kitandani, na kila nikilisikia ninapata usingizi.

Siku matokeo yalipobandikwa chuoni, mume wangu alikuwa bado anafunga kamba za viatu wakati Umeme amekwenda, amesoma na amerudi. Aliingia wodini anapiga kelele, "Amepita! Foleni amepita Geti!" Matroni akamwambia anyamaze, hii ni wodi, kisha yeye mwenyewe akacheka mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakaamka. Binti yangu akafunika uso kwa mikono yenye mafuta ya nywele. Mume wangu alifika baadaye, amechelewa habari zake mwenyewe, akaketi ukingoni mwa kitanda changu.

Nikamwambia ainuke kwanza juu ya shuka za hospitali. Akainuka. Kisha tukalia pamoja.

Kesho yake alasiri, zamu inabadilika, nikamwona anaingia na sare yangu mwilini. Ile nyeupe. Ilikuwa na vifungo. Nilivitambua hata kabla hajanikaribia, vimeshonwa mbio mbio, na cha tatu kimekaa upande kama kofia ya mlevi.

"Nani kaweka hivyo vifungo?" nikauliza.

Umeme, aliyekuwa anatoka zamu, akajifanya anatafuta kalamu mfukoni.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "mume nitakuachia. Sindano usiiguse."

Matroni akasema cheti kitakuja kwa siku yake na kazi rasmi itaanza kwa siku yake, lakini leo kijana atashika safu ya dirishani, naye mwenyewe atasimama nyuma yake. Akaja miguuni pa kitanda changu.

"Mgonjwa ni bibi, fundi cherehani. Moyo umechoka ila unajitahidi. Maji yamepungua, anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Anabishana."

"Amebakiza nini?" mume wangu aliuliza. Hakunitazama usoni, alikuwa anamtazama Matroni kama inavyotakiwa.

"Amebakiza kukusikiliza."

Mume wangu akafunua shuka, akabonyeza juu ya kifundo cha mguu, akaondoa kidole. Safari hii ngozi ilirudi mahali pake. Akaja upande wa kichwani, akachomoa mto mmoja, akauweka kwenye kiti, akangoja aone kama nitahema. Sikuhema.

"Nimempokea," akasema.

Nilitaka aketi. Nilikuwa nimemwekea utani wa siku nzima, na kiti kile pale, kina mto tu. Akanigusa begani, akaenda kitanda cha pili, ambako mama mmoja alikuwa ameshajiinua kwa kiwiko anamsubiri. Sikumwita. Nililala kwenye mito miwili, nikamsikia anamuuliza yule mama ameamkaje, na jana alilalaje.